Bastola ya Ngamiani: Mauser ya Mwaka 1914 au Nakala ya Guernica?

Kisa hiki kilianzia katika nyumba ya urithi iliyopo Ngamiani, Tanga, siku ambayo wanafamilia walikutana baada ya arobaini ya mzee wao ili kutazama vitu alivyoviacha. Katika kasha la mvule, chini ya kanzu na furushi la risiti za kodi ya nyumba, mjukuu wa marehemu alikuta ala ya mbao yenye umbo la paja la mbuzi, imeviringishwa kwa gunia la katani, na ndani yake bastola kubwa iliyoshika kutu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kukaa na silaha ya moto bila leseni, na umri wa silaha si kibali cha kuimiliki. Shangazi wa kijana huyo, ambaye ndiye binti mkubwa wa marehemu, alikataa katakata kitu hicho kilale humo hata usiku mmoja, na jioni ileile kikapelekwa kituoni.

Lakini mitaa ya Ngamiani haina siri. Kabla jua halijazama, dalali mmoja wa vitu vya kale alikuwa ameshafika barazani, ameshaomba kuiona, na ameshatoa hukumu: hii ni Mauser halisi ya Mjerumani, ina maandishi ya kiwanda, na kuipeleka polisi ni sawa na kuitupa mali baharini. Maneno hayo yalibaki ndani ya nyumba muda mrefu kuliko bastola yenyewe. Wiki ile wadogo zake marehemu walianza kumlaumu shangazi kwamba ameitia familia hasara, naye akajibu kwamba hata kama ingekuwa ya dhahabu angeipeleka vilevile. Ndipo mjukuu akaja kwangu. Nilifanya kazi ya ufundi wa silaha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ofisa mwenye dhamana ya ghala la silaha alinifahamu. Akaniruhusu kuichunguza mara mbili, mbele yake, juu ya meza yake, bila kuitoa nje ya chumba.

Madai ya familia yalikuwa haya: baba yake marehemu alikuwa askari wa Mjerumani, alipigana Tanga Novemba 1914, na alirudi na Mauser aliyopewa na ofisa wake. Dai hili halikuwa la kuchekwa. Kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, kikosi cha Waingereza cha watu wapatao 8,000 kilicholetwa kwa meli kutoka India kilishuka Raskazone na kusogea mjini, kikakutana na watu kama 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, wengi wao askari Waafrika, pamoja na nyuki waliochokozwa mizingani ambao wazee wa hapa huwataja kabla hata ya kuwataja Wajerumani. Waingereza waliporudi melini waliacha nyuma bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha na risasi kwa maelfu ya maelfu. Kwa hiyo kwamba silaha ilibaki mkononi mwa mtu wa Tanga baada ya siku zile ni jambo linaloaminika. Tena bastola ya Mauser ya aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1896, na maofisa wengi wa Kijerumani walijinunulia wenyewe kwa fedha zao. Tarehe inakubali, mahali panakubali. Kilichobaki ni chuma chenyewe kukubali.

Kwa asiyeifahamu, Mauser hiyo, ambayo wataalamu huiita C96, haifanani na bastola nyingine. Sanduku la risasi kumi halipo ndani ya kishikio bali mbele ya triga, risasi huingizwa kutoka juu kwa klipu, na kishikio ni chembamba cha mviringo mfano wa mpini wa ufagio. Ala yake ya mbao ni kifuniko na pia ni kitako: unaitoa bastola, unaipachika ala kwenye mfereji ulio nyuma ya kishikio, na unakuwa na kibunduki cha kutegemeza begani. Ilibuniwa na ndugu watatu wa ukoo wa Feederle waliofanya kazi katika kiwanda cha Mauser mjini Oberndorf, kando ya mto Neckar, na hadi utengenezaji wake ulipokoma miaka ya 1930 zilikuwa zimetoka kiasi cha milioni moja. Kitu kilichouzika namna hiyo lazima kiigwe.

Hapa inafaa nieleze jinsi ninavyoyatumia maneno, kwa sababu nusu ya ugomvi wa familia ile ulitokana na neno moja, “feki”, kutumiwa kwa vitu vitatu tofauti. Kuna silaha iliyotengenezwa na kiwanda kingine kwa idhini ya mwenye ubunifu. Bastola ya Luger, kwa mfano, Waswisi waliitengeneza katika kiwanda chao cha Bern, na hakuna mwenye akili anayeiita Luger ya Bern bandia. Wapo wanaoipenda kuliko ya Ujerumani kwa usafi wa kazi yake. Wakati mwingine idhini ndiyo asili yenyewe: bastola ya Browning ya mwaka 1900 ilibuniwa na Mmarekani John Browning, lakini kilichoitengeneza ni kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, na anayetafuta ile “halisi” ya Marekani ataitafuta mpaka kiyama. Kisha kuna nakala isiyo na idhini, ambayo kiwanda kingine kimeona umbo linauzika, kikaliiga, lakini kikaweka jina lake mwenyewe juu ya chuma. Huyo amechukua umbo, hakudanganya jina. Cha tatu ni kughushi: mtu kuliondoa jina lililopo, au kuanza na chuma kitupu, na kugonga jina la mwingine. Silaha moja inaweza kuwa nakala kwa kuzaliwa na ya kughushi kwa malezi, na ndivyo ilivyotokea hapa.

Siku ya kwanza nilianza na lile lililomfurahisha dalali, yaani maandishi. Baada ya ofisa kuhakikisha kwamba chemba, yaani mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa, na sanduku la risasi ni vitupu, niliisafisha sehemu ya juu ya chemba kwa kitambaa chenye mafuta tu, kwa kuwa anayepitisha msasa juu ya chuma cha zamani anafuta ushahidi anaoutafuta. Niliazima kioo cha kukuzia kutoka kwa sonara mmoja wa mjini, kile anachokibana jichoni. Maandishi yalionekana wazi: WAFENFABRIK MAUSER, na chini yake OBERNDORF. Neno la kwanza lilikosa F moja. Kiwanda cha Oberndorf kiliandika WAFFENFABRIK, kiwanda cha silaha kwa Kijerumani, na hakikukosea tahajia ya neno lililokuwa sehemu ya jina lake.

Kosa hilo peke yake lilinivuta upande usio sahihi, na naliandika hapa kwa sababu wengi huvutwa upande huohuo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mataifa makubwa yalikubaliana kutoiuzia China silaha, lakini bastola hazikubanwa kama bunduki, na bastola yenye kitako ilikuwa ndiyo njia ya kupata kibunduki bila kukiita bunduki. Wababe wa kivita wa China waliinunua Mauser kwa wingi, na karakana za huko zikaanza kuitengeneza. Karakana ya Taiyuan, mkoani Shanxi, ilitengeneza hata yake ya kipenyo cha inchi .45, kubwa na nzito, yenye maandishi ya Kichina yaliyogongwa waziwazi. Karakana ndogo nyingine ziliiga mpaka herufi za Ulaya bila mafundi wake kuzisoma. Kuna Browning za Kichina ambazo herufi zake zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo. Kwa hiyo nilipoona F imekosekana nilijisemea: China. Nilirudi nyumbani Chumbageni nikiwa na jibu, na jibu hilo lilikuwa bovu.

Kilichonirudisha kituoni ni mashimo ya kutu. Nilikuwa nimechora maandishi yale kwenye karatasi, na usiku nikitazama mchoro wangu niligundua kwamba nilikuwa nimechora vishimo vya kutu vikikatwa na herufi. Siku ya pili nilitazama tena kwa kioo cha sonara, safari hii nikiangalia jambo hilo tu. Chuma kilichoandikwa kiwandani kisha kikala kutu kwa miaka mingi hulika chote: ndani ya herufi mna vishimo kama nje yake, na kingo za herufi zimelegea na kuwa duara. Hapa ilikuwa kinyume. Uso wa chuma ulikuwa umejaa vishimo, lakini ndani ya mguu wa herufi M chuma kilikuwa laini, na kishimo kimoja kilichopitiwa na mguu huo kilikuwa kimekatwa katikati, nusu ipo nje na nusu imebanwa chini na tindo. Kando ya kila herufi chuma kilikuwa kimeinuka kama udongo unavyoinuka pembeni mwa jembe, tena kila herufi kwa kina chake: R imezama, K inaelea. Kiwanda kinatumia muhuri mmoja unaobingirishwa, nao huzamisha herufi zote sawasawa. Huyu alikuwa mtu mwenye nyundo, akipiga herufi mojamoja, juu ya chuma ambacho tayari kilikuwa kimezeeka.

Basi maandishi hayakuwa ya China wala ya Oberndorf wala ya zamani. Yalikuwa ya mtu aliyetaka bastola kuukuu isomeke Mauser. Hapo nikayaweka kando kabisa na kuuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza kwanza, yaani kitu hiki kimeundwaje.

Vipimo havikunisaidia, wala sikutegemea vinisaidie. Mtutu ulikuwa wa milimita 140, lakini mwigaji mzuri huiga urefu. Bamba la kulengea lilikuwa na alama hadi mita 1,000, umbali ambao hata mwenye jicho la mwewe hampigi mtu kwa bastola, lakini alama hizo zipo kwenye asili na zipo kwenye nakala. Kipenyo ni cha risasi ya milimita 7.63, na hicho pia kinashirikiwa. Watu hupoteza muda mwingi kwa rula na mizani katika kazi hii, ilhali mwigaji huiga kile kinachoonekana na kupimika kwa nje, na huchepuka pale ambapo kuiga kunamgharimu.

Ndani ya Mauser ndiko kuliko na gharama. Mashine yake yote, nyundo, springi na vishikizi, imepachikwa kwenye fremu ndogo ya ndani, nayo hutoka nzima kwa nyuma kama droo ya meza. Vipande vyake vimefumana kwa meno na mifereji, na skrubu iliyopo katika bastola nzima ni moja tu, ile inayoshika vibao vya kishikio. Mtutu na mwendelezo wake wa nyuma unaobeba bolti, yaani chuma kinachoifunga risasi kwa nyuma, ni kipande kimoja cha chuma, kimechongwa pamoja. Ubavuni mwa bodi mna sehemu zilizochimbwa kidogo kama vidirisha vipofu, na vidirisha hivyo havifunguki, kwa kuwa ni chuma kilekile cha bodi.

Cha Ngamiani kilifunguka. Ubavu wa kushoto, chini ya kutu na mafuta yaliyoganda, ulikuwa na mstari mwembamba ulioizunguka sehemu ambayo kwenye Mauser ingekuwa kidirisha kipofu. Nilidondoshea mafuta, nikasubiri kama nusu saa tukizungumza mambo mengine na ofisa, kisha nikasukuma kwa ncha ya mti na siyo ya chuma, na bamba zima likateleza na kutoka. Mashine ikawa wazi mbele yetu, imepachikwa moja kwa moja ndani ya bodi bila fremu yoyote ya kutoa kama droo. Na mtutu, ulipofutwa pale unapokutana na mwendelezo wake, ulionyesha kiungo: ulikuwa umesokotwa kwa hesi, haukuwa kipande kimoja.

Bamba hilo la ubavuni ni sahihi ya kiwanda kimoja. Ni bastola ya Astra 900, iliyotengenezwa na Unceta y Compañía katika mji wa Guernica, nchini Hispania, na ilianza kutoka mwaka 1927, soko lake kubwa likiwa hilohilo la China. Waspanyola hawakuomba idhini ya Mauser, lakini pia hawakujificha. Waliandika jina lao na la mji wao. (Guernica ni ule uliopigwa mabomu na ndege Aprili 1937, kiwanda hicho kilinusurika.) Na kazi yao haikuwa mbovu. Mtu akiniuliza kipi ni rahisi kukisafisha uwanjani, nitasema Astra, kwa sababu ya bamba lilelile lililomuumbua mwongo wetu.

Ofisa aliniuliza kama mtu hawezi kusema kwamba Waspanyola waliiga mapema, kabla ya 1914. Swali lilikuwa zuri, na jibu lake lilikuwa kwenye chuma. Kuanzia mwaka 1927 silaha za Hispania zilizopita ukaguzi rasmi ziligongwa herufi ya mwaka: A ni 1927, B ni 1928, na kuendelea. Aliyeghushi aliondoa jina la kiwanda kwa tupa, nasi tuliiona mikwaruzo ya tupa hiyo ikilala upande mmoja chini ya herufi zake, lakini hakujua maana ya alama ndogo zilizokuwa karibu na nambari ya bodi, akaziacha. Miongoni mwa alama hizo ilikuwepo herufi C. Ni mwaka 1929. Siku ambayo nyuki waliwakimbiza watu Tanga, chuma hiki kilikuwa bado miaka kumi na mitano kuwa bastola.

Vibao vya kishikio niliviacha mwisho kwa kuwa vilijieleza vyenyewe. Vilikuwa vya mpingo, vimechongwa na fundi wa huku kwa ustadi mkubwa, mifereji yake ikifuata ile ya asili, na vimeshikwa kwa skrubu ya baiskeli.

Ilibaki ala, na hapa ndipo kisa kilipobadilika. Nilikuwa nimeshaichukulia kuwa sehemu ya bastola, yaani ya Kihispania kama mwenziwe. Nilipoipachika kwenye kishikio ilicheza. Nilipoirudisha bastola ndani iliingia kwa taabu, na nilipomulika kwa tochi niliona kwa nini: mbao ya ndani ilikuwa imepunguzwa kwa patasi, makovu yake yako wazi, meupe kuliko mbao iliyoyazunguka. Mtu ameichonga ala ili imeze bastola isiyokuwa yake. Chuma cha kupachikia kilicho mwishoni mwa ala kilikuwa na nambari ya tarakimu tano, iliyogongwa kwa herufi ndogo safi za kiwanda, ikiwa haina uhusiano wowote na nambari ya bodi. Kazi ya chuma hicho, uungaji wa mbao yake na bawaba ya kifuniko vilikuwa vya Oberndorf. Ala ilikuwa Mauser halisi.

Nambari hiyo nilijizuia kuitumia kutaja mwaka. Tarakimu tano zinapatana na Mauser ya miaka ya mwanzo ya 1900, lakini jeshi la Ujerumani liliagiza bastola 150,000 za milimita 9 wakati wa vita, zile zilizochorwa tarakimu 9 nyekundu kwenye kishikio, na hizo zilihesabiwa upya kuanzia moja. Niliandika kwenye maelezo yangu kwamba ala ni ya asili na bastola si yake, nikaishia hapo.

Dalali alipoelezwa hakukubali, na pingamizi lake la kwanza lilikuwa na werevu: kosa la tahajia, alisema, ndilo linaloonyesha uzee, kwa kuwa zamani watu hawakuwa makini. Nilimwambia ofisa ampe kioo cha sonara aitazame ile M. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akasema kwamba yeye huuza tu, hagongi herufi. Sina sababu ya kumkatalia.

Kwa shangazi nilikwenda mwenyewe, kwa kuwa mambo ya familia hayapelekwi kwa karatasi. Nilimweleza yote barazani kwake, mjukuu akiwepo. Hakushtuka kuhusu bastola. Alisema kwamba tangu utotoni alisikia kuwa babu yake alirudi kutoka vitani na “mguu wa Mauser”, ndivyo walivyouita nyumbani, na siku zote yeye alidhani ni bunduki iliyokatwa, kwa sababu bunduki waliyopewa askari wengi wa Mjerumani wakati ule ilikuwa Mauser kuukuu ya mwaka 1871, na jina hilo kwa wazee lilimaanisha bunduki. Neno bastola hakuwahi kulisikia katika hadithi hiyo kutoka kwa babu yake. Lilianza kusikika kwa baba yake, aliyefanya kazi bandarini na kusafiri na meli akiwa kijana. Mjukuu aliinama, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amekwenda kwa dalali.

Bastola imebaki mikononi mwa polisi. Ala, baada ya kuandikiwa maelezo, ilirudishwa kwa familia, na nilikuwepo shangazi alipoipokea. Alifungua kifuniko, akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo, akapapasa pale palipochongwa kwa patasi.

“Kumbe baba,” alisema, “ndiye aliyeuharibu mguu wa babu.”